Neno Nililoandika Juu ya Blanketi

Harufu ya sufu mpya hunikamata hata leo. Juzi nilipita duka moja huko Randburg, nikanusa nyuzi zilizofungwa kwenye nailoni, viganja vikaanza kutoka jasho. Msinicheke. Wenzangu wanaukumbuka utoto kwa pipi na vitumbua, mimi naukumbuka kwa uzi mweupe na hofu.

Nilikuwa na miaka saba. Tulikaa Mayfair, mtaa wa wahamiaji kusini kabisa mwa Afrika, baba, mama na mimi, watu wa Tanga, ingawa Tanga yenyewe niliijua kwa simu tu. Kiswahili nilikisikia, lakini nilijibu kwa Kiingereza, na nikikasirika kwa Kizulu. Maneno mengi niliyajua kwa kukisia, na kukisia huko ndiko kulikoniponza.

Mama alikuwa na mimba ya miezi saba. Mwaka mmoja nyuma, kwenye baridi kali ya mwezi wa sita, alimzaa mdogo wangu Salim, naye akakaa nasi siku tisa tu. Nakumbuka nyumba ilivyojaa akina mama, na shangazi mmoja akisema, "Leteni sanda ya mtoto." Kikaletwa kitambaa cheupe, Salim akaviringishwa, baba akatoka naye. Nilipouliza anapelekwa wapi, nikaambiwa amelala, ninyamaze. Mama, ambaye kila siku aliniimbia kuuliza si ujinga, hilo hakutaka liulizwe. Nami nikaweka kichwani kwamba sanda ni kiblanketi cha mtoto mchanga.

Jirani yetu Mama Riziki, Mkongo wa Bukavu, alikuwa msusi. Kwa ile sindano yenye ndoano aliyosukia rasta, alifuma pia vitambaa vya makochi. Nikamwomba anifundishe, nimfumie mtoto wetu.

"Sawa, lakini sindano usikamate kwanza," akasema. "Utapanga kwenye karatasi. Urefu, upana, rangi. Mutu ya kukosa mupango, blanketi yake itakuwa soksi."

Nilipanga wiki nzima kwenye daftari la hesabu, kila chumba cha mraba fundo moja. Nilimpima mwanasesere wangu kwa shubiri, nikaongeza mbili ili mtoto asibanwe. Rangi nikachagua nyeupe kama ya Salim, ila safari hii sufu nene, mpya, aliyonipa Mama Riziki. Juu ya ukurasa, kwa herufi kubwa, nikaandika kwa maringo: SANDA YA MTOTO WETU.

Mama alikuwa jikoni akichambua mchele. Nikamwekea daftari juu ya sinia. Akasoma, akasoma tena, mkono mmoja ukaenda tumboni.

"Nani kakutuma?"

Sauti ile sikuwahi kuisikia. Nilidhani hajauona mpango vizuri, nikamwonyesha mafundo kwa kidole.

"Nani kakutuma, we mtoto? Sema!"

"Mama Riziki ananifundisha."

Weee! Alinishika mkono, sinia likaanguka, tukatoka hivyo hivyo hadi mlango wa pili. Nilijua nimeharibu kitu, sikujua kitu gani.

"Mwanangu bado yumo tumboni, wewe unamfumia sanda?" mama alifoka. "Nimekukosea nini?"

Mama Riziki alibaki na kichana mkononi. "Sanda? Mama Zuhura, mi nilimwambia blanketi. Uliza mutoto."

Wote wawili wakanigeukia. Eish!

"Zuhura," mama akasema polepole, "sanda ni nini?"

Nilikuwa nalia tayari. "Ni blanketi la mtoto. Kama la Salim. Lake lilikuwa jembamba, Mama, na nje kulikuwa na baridi. Nataka la huyu liwe zito."

Mama aliketi pale pale kizingitini akalia kwa sauti. Mama Riziki akaketi karibu naye, akamshika mgongo. Ilipofika jioni, nikiwa nimeegemea tumbo lile, ndipo nilipoambiwa kwamba ndugu yangu alikufa.

Mdogo wangu Maua alizaliwa salama, akafunikwa blanketi la manjano nililolifuma mwenyewe, lililopinda pande zote nne. Kwa miaka mingi niliamini mama alilia kwa sababu ya neno baya nililoliandika. Nilipokuwa mama mimi mwenyewe ndipo aliponiambia: mwaka ule wote alimlilia Salim bafuni, bomba likiwa wazi, akidhani nyumba nzima imeshamsahau. Na mimi, chumba cha pili, kila baridi ilipozidi nilikuwa nikijiuliza kama Salim amefunikwa vizuri.