Ng'ombe aliyekataa maji yangu ya rangi, Kosele

Wakuu, hamjambo. Ketini niwape hii. Sitaongeza chumvi, yenyewe inayo ya kutosha.

Miaka ya tisini nilikuwa nimeolewa Kosele. Waliniita Nyar Karungu kwa sababu kwetu ni Karungu. Kazi yangu ilikuwa tie-dye, kufunga vitambaa na kuvitia rangi, na maji yaliyobaki nilimwaga kwa mtaro unaoshuka hadi kijitoni. Najua, najua. Nisameheni.

Jirani yangu Mama Akinyi akanishtaki kwa chief: eti ng'ombe wake, Rateng', amekataa maji ya kijito juu ya rangi yangu.

Chief (wiki hiyo alitembea kichwa wazi, eti kofia imeibwa) akanipa siku saba. Nisiposafisha maji, nifunge kazi. Na kazi hiyo ndiyo ilisomesha watoto wangu watatu. Nililia, siwafichi.

Shemeji yangu Ouma, mwalimu wa chemistry Migori, akanielekeza: maji ya rangi kwa karai, tia misumari yenye kutu, kamulia ndimu, ongeza peroxide, anika. Chuma na peroxide zikipigwa na jua huvunjavunja rangi.

Nikaenda Isebania kununua peroxide, ile dawa ya kung'arisha nywele, kwa duka la vitu vya saluni. Kurudi, kijiji kizima kinasema Nyar Karungu anataka kuwa mzungu!

Karai la kwanza niliweka kivulini. Wapi, rangi ilikaa tu. La pili likashinda juani, na kufikia saa tisa maji yameangaza, naona misumari chini.

Siku ya kesi chief akasema Rateng' ndiye ataamua. Anywe maji ya karai.

Nikakataa. Ouma alikuwa amenionya kwamba maji kuwa maangavu si kusema yanafaa kunywa. Nikaomba apelekwe kijitoni, maana wiki nzima sikuwa nimemwaga hata tone.

Rateng' akanusa kijito, akageuza shingo. Mama Akinyi akatabasamu.

"Mfungue kamba," nikasema. "Tuone yeye hunywa wapi."

Wakuu, huyo ng'ombe hakuangalia nyuma. Alipanda moja kwa moja hadi nyuma ya jikoni ya Mama Akinyi, akazamisha kichwa kwa pipa la machicha ya busaa, pombe ya kienyeji. Busaa yenyewe chief alikuwa ameipiga marufuku.

Na juu ya pipa, kwa msumari, ilining'inia kofia ya chief.

Chief aliichukua bila kuuliza imefikaje hapo, akaivaa, akasema, "Kesi imeisha."

Lakini nilichojifunza ni hiki: Rateng' alikuwa mlevi tu, ila rangi yangu kweli ilikuwa kijitoni. Tangu siku hiyo sikumwaga maji kabla hayajashinda juani. Ndimu aliniletea Mama Akinyi mwenyewe.

Nani hapa amewahi kushtakiwa na jirani? Tuambie. Na kabla hujajitetea, mfuate ng'ombe wake.