Kamba ya Vifundo Arobaini

Mwezi uliopita nilirudi Uriri kumzika nyanya yangu, na usiniulize safari ilikuwaje, maana sikumbuki. Ninachokumbuka ni siku iliyofuata mazishi, watu walipokwisha kurudi makwao, nilipoachiwa kazi ya kupanga vitu vyake. Vilikuwa vichache mno, nikamaliza kabla jua halijawa kali. Vitenge vitatu, sufuria mbili, miwani iliyofungwa waya upande mmoja, na chini kabisa ya sanduku, ndani ya gunia, lile buku. Nilikaa sakafuni nikalipakata bila kulifungua. Lilikuwa zito vilevile, na bado lilinuka tumbaku.

Hebu nikueleze buku lenyewe. Nyanya aliwahi kuwapikia wamisionari kando ya ziwa, upande wa Homa Bay, miaka mingi kabla sijazaliwa. Walipofunga mizigo kwenda kwao walimwachia vitu visivyowafaa tena: kofia ya jua, birika linalovuja, na buku la kueleza maneno ya Biblia, kila neno na namba yake, na huko nyuma maana yake kwa Kiebrania. Limeandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza cha nyanya kilikuwa cha jikoni tu, mayai na chumvi na maji moto. Alilibeba hivyo hivyo hadi Uriri akangoja apate mjukuu wa kumsomea. Mjukuu huyo nikawa mimi, katika miaka ya tisini, nikiwa darasa la tano.

Tulisoma kazi ikiendelea. Tulilima tumbaku kama majirani zetu wote, na majani yakishavunwa sharti yafungwe kwenye vijiti kwa kamba ya katani, ndipo yatundikwe kibandani yakauke. Mikono huganda utomvu mweusi usiotoka hata kwa jivu, na chochote utakachokula kwa mikono hiyo kinakuwa kichungu. Nyanya alikuwa mtu wa dini hasa, hangekubali mtu apite na sigara mbele ya boma lake, ila kulima tumbaku hakuona shida. Mungu aliumba jani, alisema, kiberiti kililetwa na shetani. Basi yeye anafunga majani, mimi nimekaa mkekani mikono safi, nasoma na kumfasiria kwa Kijaluo.

Siku niliyomsomea kwamba katika Kiebrania neno la saba na neno la kuapa ni ndugu, aliacha kazi akaniambia nisome tena. Kuanzia hapo akawa anafunga majani saba kila fungu, badala ya matatu kama watu wengine. Yakawa yanaoza katikati. Afisa wa tumbaku alipokuja kukagua akagomba mpaka akachoka, na nyanya akamjibu, "Wewe angalia majani yako. Mimi naangalia kiapo yangu."

Neno alilolipenda kuliko yote ni lile la kuponya. Buku lilisema kwamba mwanzoni maana yake ni kushona, kuunganisha palipochanika. Nyanya alicheka kwa furaha. Kumbe Mungu ni fundi wa nguo!

Kwa matamshi alikuwa na mwalimu wake, mwenye duka pale senta, Mwislamu mtu wa Pwani aliyesoma chuo cha Kurani utotoni. Siku ya soko nyanya huniandikisha maneno ya Kiebrania, kwa herufi za kawaida kama buku lilivyoyaandika, kwenye kipande cha karatasi, tukampelekea.

"Hii inasomwa namna gani, mzee?"

"Mama, hiki si Kiarabu," mwenye duka alisema siku moja, akiisogeza karatasi mwangani. "Lakini ni jirani yake. Arbaim. Hii ni arubaini. Na saba yao ni sheva. Waona? Wewe wajua Kiebrania zamani."

Nyanya alicheka njia nzima, eti miaka yote alikuwa akihesabu mayai kwa Kiebrania na hakujua. Mwenye duka alimweleza pia kwamba kwao mwanamke akijifungua hukaa ndani siku arobaini, kisha hutolewa nje akiwa mtu mpya. Nyanya akasema hata sisi tuna namba zetu, mtoto wa kiume hutolewa nje siku ya nne, wa kike siku ya tatu. Wakatikisa vichwa wote wawili, kama watu waliogundua kwamba wana shangazi mmoja.

Halafu mama akaletwa nyumbani.

Mama yangu aliuza mitumba Homa Bay. Nguo iliyochanika aliishona kwanza ndipo aiuze, na alikuwa na mkebe wa nyuzi za kila rangi. Baba, mtoto wa pekee wa nyanya, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia kwa kukonda na kukohoa. Sasa mama naye aliteremshwa kwenye pikapu ya kukodi akiwa mwepesi hivi kwamba nyanya alimbeba peke yake, mkebe wa nyuzi ukiwa kifuani. Wewe unajua ulikuwa ugonjwa gani. Wakati ule haukutajwa. Hospitali walikuwa wamewaambia waliomleta wamrudishe nyumbani, na majirani walisema ni chira, laana ya mtu aliyevunja mwiko.

Nyanya hakutaka kusikia habari ya chira. "Mtoto wangu nilimzika bila kuhesabu," alisema. "Huyu nitamhesabia." Mvua ya Nuhu siku arobaini, Musa mlimani arobaini, Eliya jangwani arobaini. Siku ya arobaini Mungu angemshona mama, naye angetolewa nje. Akakata kamba ya tumbaku, akaitundika kwenye msumari mlangoni mwa mama, akanipa kazi. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, nifunge fundo moja.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Nilifunga fundo moja kila siku kwa uaminifu hadi asubuhi moja mama aliponitazama akaniita kwa jina la dada yake. Siku hiyo nilifunga mawili. Niliona arobaini iko mbali, na Mungu bila shaka anaangalia kamba kama sisi. Mara ya pili ni aliposhindwa kumeza uji, ukarudi wote kifuani, nami nikaupangusa. Mara ya tatu niliwakuta majirani wawili kisimani wakijadili nani ana sufuria kubwa za kuazima za matanga, na walipotuona wakanyamaza, mimi na ndoo yangu. Nilirudi mbio, nikafunga la ziada la tatu. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilimtaka mama yangu.

Kamba ilipofika arobaini nilimwita nyanya. Alikuja akipangusa mikono, akapitisha kidole juu ya kila fundo hadi mwisho. Akarudi mwanzo, akahesabu tena. Kisha akanitazama, akatazama mlangoni kwa mama.

"Arobaini," alisema, akaenda kuchemsha maji.

Alimwosha mama, akampaka mafuta, akamvika gauni la buluu, akamtoa nje akamkalisha mkekani, ameegemea ukuta penye jua. Nakwambia mama alikuwa mzima siku ile. Aliomba ndizi mbivu, akala nusu, nusu akanipa. Alimtania nyanya kuhusu majani yake ya saba saba. Akaniambia nikae mbele yake, akaanza kunisuka. Alisuka mistari miwili, na wa tatu akaufikisha katikati, mkono ukachoka. "Tutamalizia kesho," alisema.

Baada ya siku tatu, asubuhi, mama alifariki. Nilijua ile ilikuwa siku gani. Nilikuwa nimeihesabu moyoni, na ilikuwa arobaini ya kweli. Mungu alikuwa amekuja siku yake, akakuta tumeshamaliza hesabu bila Yeye, kwa sababu yangu. Nilikataa nywele zifumuliwe, nikaenda mazishini na mistari miwili na nusu, na kila aliyejaribu kunigusa kichwa nilimuuma.

Kamba ilitoweka msumarini. Nyanya hakuniambia tena nimsomee. Buku liliingia guniani, majani yakarudi kuwa matatu kila fungu, na tulipopita dukani mwenye duka aliinua mkono tu, naye akainua wake. Nikaamini kwamba amejua na hawezi kunisamehe. Nilikuwa na adabu kupita kiasi, nikateka maji mengi kuliko yaliyohitajika, nikafua hadi nguo safi. Miaka minane hivyo, hadi nilipoenda chuo. Mpaka leo sipendi kuhesabu kitu. Hata ngazi za ofisini napanda nikiimba moyoni nisije nikazihesabu.

Basi mwezi uliopita, pale sakafuni, nililifungua buku. Lilifunguka lenyewe kwenye ukurasa wa lile neno la kuponya, kwa sababu palikuwa na kitu katikati. Ilikuwa ile kamba, imelala bapa, imeacha alama ya kahawia kwenye karatasi. Nilihesabu, nikijilazimisha. Vifundo arobaini. Vitatu kati yake vilikuwa vimefungwa uzi mwekundu kiunoni, uzi wa mkebe wa mama: cha kumi na mbili, cha ishirini na tano, cha thelathini na tatu. Sikuwa na haja ya kukumbuka. Vidole vyangu vilivijua.

Alijua tangu cha kwanza. Alikuwa na hesabu yake mwenyewe, na siku ile alipokuwa akipitisha kidole alijua ni thelathini na saba, akaniangalia, akaangalia mlangoni kwa mama, akachagua. Angengoja arobaini yake aliyoiamini, mama asingeliona jua.

Kibanda cha tumbaku kimeanguka. Siku hizi kila mtu Uriri analima miwa. Duka la mtu wa Pwani ni la simu, na vijana waliomo hawajui aliondoka lini wala kama yu hai. Hakuna wa kumuuliza kama uzi ule aliufunga ili nije niuone, au ulikuwa wake tu na Mungu wake. Nyumba moja, miaka minane, mimi nikiogopa kusema na yeye akijua. Angeniambia neno moja tu, kwa lugha yoyote.