Jina Lililokuja na Shamba

Dhiki ilinianza mwaka 1957, nikiwa na miaka tisa. Baba alikuwa mkwezi wa minazi huku Mwabungo. Akaanguka, nyonga ikavunjika, na tangu siku hiyo hakusimama tena bila ya kushikwa. Mimi ndiye niliyekuwa mwanawe wa pekee. Darasa la pili nikaliacha, nikachukua panga lake, nikakwea mimi. Yeye alikaa uani akisuka makuti, nami nikiyauza. Tulikula. Sikumwomba mtu.

Siku hizi watu wa Ukunda huniuliza jina letu la ukoo lilitoka wapi, maana limejaa kutoka hapa hadi Msambweni. Walinzi wa hoteli za Diani wanalo vifuani, lipo ubavuni mwa tuk-tuk, yuko mwalimu analo na nesi analo. Wote hao ni wanangu na wajukuu zangu. Huwajibu kwamba ni jina la zamani. Si uongo. Lakini si jina la baba yangu.

Kwetu sisi Wadigo, zamani mali ilifuata tumbo: mtu alirithiwa na mtoto wa dada yake. Mjomba wangu alikuwa na shamba la minazi na hakujaliwa mtoto. Uhuru ulipokuwa bado mchanga, wakaja watu wa serikali kupima mashamba na kuwaandika wamiliki wake. Serikali iliwajua wana, wapwa haikuwajua. Mjomba alikuwa mgonjwa. Akaniambia niseme mimi ni mwanawe wa kuzaa, ama sivyo ndugu zake wa kuumeni watalichukua shamba. Nikakubali. Baba sikumwambia.

Siku ya kuandikwa, baba akaja mwenyewe, jirani yetu akimsukuma juu ya baiskeli. Alitaka kuniona nikipata ardhi. Nilipoitwa mbele akaniambia kwa sauti, "Simama wima, mwanangu."

Karani akaniuliza baba yangu ni nani. Nikataja jina la mjomba, watu wote wakisikia. Karani akainua kalamu, akamgeukia baba.

"Mzee, huyu si mwanao?"

Neno lake moja lingetosha kuninyang'anya shamba, nami nilistahili.

"Huku kwetu kila kijana ni mwanangu, bwana," baba akasema. "Mimi ni jirani tu."

Watu wakacheka, na karani akacheka, akaandika.

Kurudi nyumbani niliisukuma baiskeli mimi. Nilitaka kumwomba radhi. Yeye akaniuliza kama maji ya kisima cha kule shambani yana chumvi.

Mke wangu alipojifungua wa kwanza, mwanamume, nikampeleka kwa baba ili mtoto achukue jina lake, kama ilivyo ada. Akampakata, akamsomea dua, kisha akanirudishia.

"Mpe jina la babu yake aliyeandikwa," akasema.

Hakuwa na hasira. Afadhali angenitukana. Nikampa mtoto jina la mjomba, na wengine wakafuata, wakaoa, wakazaa. Baba alipofariki, jina lake likaenda naye. Hakuna mtu hata mmoja anayeitwa kwalo leo, na mwenye kosa ni mimi, si serikali wala mjomba.

Mwaka jana niliwakusanya wanangu nikawaambia tulirudishe jina la babu yao. Walinisikiliza kwa adabu. Wakasema habari ya vitambulisho, vyeti vya shule, hati ya shamba, vyeti vya ndoa. Kisha yule binti yangu nesi akaniuliza, "Baba, tukilibadilisha leo, sisi tutakuwa kina nani?"

Nikawaambia wale chakula, kinapoa.

Leo nina nyumba ya mawe iliyoezekwa bati, vyumba vya kupangisha Ukunda, ng'ombe wanne, mbuzi, tuk-tuk moja, na shamba lile la minazi, ambalo katika hati yake mpaka leo mimi mwenyewe nimeandikwa kuwa mwana wa mjomba.