Thabai Si Mboga

Mimi hasira zangu ziko karibu, na siku hiyo zilikuwa mlangoni kabisa. Shosho, ndivyo kwetu tunavyomwita kila bibi mzee, alikuwa ameketi mbele ya meza yangu, kwenye kile chumba changu cha Free Area, Nakuru, juu ya duka la hadiwea, ufunguo wa stoo ukining'inia shingoni mwake kwa uzi wa sufu. Akaniuliza kwa mara ya tatu, "Sasa hiyo mashini yako imesema aje?"

"Bado, Shosho."

"Bado ni nini? Bado ni jibu?"

Kazi yangu ni hiyo. Watu wanaouza vitu nje ya nchi hunijia wakiwa wamekosa soko, nami huchimba kwenye takwimu za forodha nione nchi gani inanunua nini, kutoka kwa nani, miezi gani. Nikimaliza ninawaambia waache kugonga mlango huu, wagonge ule. Watu wa maua Naivasha wananijua, wa avokado wananijua. Shosho alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Elburgon wanaokausha thabai, lile jani la kando ya msitu linalowasha hata ukiligusa kwa bahati mbaya. Likikauka ukali wote unaisha. Wanalitia kwenye magunia, na wakipata oda wanalisaga.

Mnunuzi wao alikuwa mmoja tu, Mkenya mwenzetu mwenye duka la vyakula vya nyumbani huko ng'ambo. Wakenya wa huko walinunua unga wa thabai wa kutia kwenye mukimo, vile viazi vyetu vya kupondwa. Duka likafungwa. Magunia yakabaki kwenye stoo ya kukodi, na mwenye stoo, mzee mmoja wa viazi, akasema hivi: mkipata mnunuzi kabla viazi vyangu havijachimbwa, kaeni, msipopata, nataka ufunguo wangu. Chanja zote za kukaushia zilikuwa humo ndani. Bila stoo hakuna thabai, na akina mama wangerudi walikotoka, kubeba mbao kwenye viwanda vya mbao.

"Huko mimi sirudi," Shosho aliniambia siku ya kwanza. "Mgongo huu umebeba za kutosha."

Nikamwapia kwamba soko nitalipata. Mdomo wangu huu!

Nikafanya kazi jinsi ninavyoijua. Watu wa forodha hawajali jina la kitu, wanajali nambari. Kila bidhaa ina nambari yake, na ukiikosea unauliza habari za kitu kingine kabisa. Karatasi za kikundi, zile za enzi za duka la mukimo, zilisema mboga zilizokaushwa. Sikufikiria mara mbili. Mimi nimelelewa Njoro, na kwetu thabai huingia kwenye mukimo mpaka uwe kijani kibichi. Kwa hivyo thabai ni mboga, kwisha maneno. Nikatafuta nchi zinazonunua mboga kavu, zikawa tele. Nikachagua zilizokuwa zikiongeza ununuzi kila mwaka, nikatafuta kampuni, nikaandika barua pepe mpaka vidole vikauma.

Wengi walininyamazia. Waliojibu walisema sisi ni watu wa vitunguu na uyoga. Mmoja aliniuliza kama ninajua kwamba jani hilo ni magugu. Haki ya Mungu, nilitaka kumpigia simu nimtukane kwa Kikuyu asikie tu sauti. Badala yake nikafungua kompyuta nikaanza tena, nchi nyingine, kampuni nyingine. Nilikuwa nimekataa kushindwa na jani.

Kila Jumanne Shosho alishuka Nakuru kuniuliza mashini imesema aje. Viazi vya Elburgon vilichanua maua, maua yakadondoka, na mimi bado nilikuwa kwenye bado. Basi Jumanne hiyo, aliponiuliza mara ya tatu, nikapandisha sauti.

"Data haidanganyi, Shosho! Watu wa nje hawataki mboga yenu. Nifanyeje?"

Hakukasirika. "Mboga gani?"

"Si thabai?"

"Nani amekuambia thabai ni mboga?"

"Kwani ni nini? Si inaliwa kwa mukimo?"

"Hiyo ni nyinyi watoto. Mimi na haya magoti nachemsha, nakunywa kila asubuhi. Mama yangu alikunywa. Mama akijifungua anapewa, aongeze damu. Thabai ni dawa. Mboga ni sukuma wiki."

Ngai! Wiki zote hizo nilikuwa nikiwapigia hodi watu wa vitunguu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema, lakini mimi hata kumuuliza huyo mkuu sikuwa nimemuuliza. Jumanne zote hizo nilimpa chai ya maziwa akanywa kwa adabu, magoti yakimuuma, mjuzi wa jambo lenyewe ameketi pale pale mbele yangu. Niliona aibu, na niliistahili.

Iko nambari nyingine, ya mimea ya dawa na ya kuchemshwa. Nikaiandika. Orodha ya nchi ikageuka yote. Wale wa vitunguu wakatoweka, wakaja wengine, na nilipozipanga takwimu mwezi kwa mwezi nikaona Poland wananunua zaidi wakati mashamba yao yamefunikwa na theluji.

"Soma," Shosho akasema. Nikamsomea.

"Sasa kwenye theluji watakata thabai gani?" akauliza.

"Hakuna, Shosho."

"Na sisi tunakata mwaka mzima. Ebu andika."

Safari hii niliwaandikia wachache, wale wanaochanganya majani ya chai ya dawa. Nikaeleza jani linakatwa lini na linakaushwa vipi, nikaambatanisha majibu ya maabara niliyopeleka jani lipimwe usafi. Mama mmoja wa Poland akaomba sampuli, jani zima lisilosagwa. Mungu ni nani! Magunia ya stoo yalikuwa bado hayajasagwa. Tukatuma. Kisha kimya.

"Mwandikie tena," Shosho akasema.

"Nimemwandikia jana."

"Jana imeisha."

Nikaandika tena. Nikaandika hata siku niliyosikia kwamba Elburgon wameanza kuchimba viazi. Jibu likaja Alhamisi asubuhi: anachukua magunia yote, na anauliza kama kabla ya baridi tunaweza kumpa mengine. Nikampigia Shosho simu. Mteja hapatikani. Nikapiga tena, mteja yule yule. Nikafunga chumba, nikapanda Elburgon.

Nilikuta lori la viazi limesimama nje ya stoo na magunia ya thabai yameshatolewa, yako kwenye nyasi. Akina mama walikuwa wameyazunguka. Mzee mwenye stoo alikuwa amenyoosha mkono, na Shosho alikuwa ameshauvua ule uzi shingoni.

"Wanachukua!" nikapiga kelele kutoka barabarani. "Yote! Wanachukua yote!"

Shosho hakupiga vigelegele. "Wameandika?" akauliza.

Nikamsomea barua kwenye simu, nikimfasiria. Akaniambia nirudie, polepole, na mzee asikie. Nikarudia. Akaurudisha uzi shingoni, na hapo ndipo wengine walipopiga vigelegele, na mimi nikalia, sifichi.

Mzee alibaki na mkono wake hewani. "Na viazi vyangu?"

"Ulisema tukipata mnunuzi tukae. Tumepata," Shosho akamwambia. Kisha akachukua flaski yake, akamimina kikombe, akakiweka kwenye ule mkono. "Kunywa, mzee wangu. Nimekuona vile umeshuka kwa lori. Hayo magoti ni kama yangu."

Mzee akanusa kikombe, akakunja uso. "Si hii ni ile mboga ya mukimo?"

"Si mboga!" nikasema, kabla Shosho hajafungua mdomo.