Dakika za Ndege Isiyokuwepo

Ukiulizwa kutoka Nachingwea hadi Ruangwa ni mbali kiasi gani, utajibu kwa simu au kwa barabara?

Juzi nilikuwa ndani ya Noah, stendi ya Nachingwea, tukisubiri abiria wajae. Kando yangu alikaa mwanamume wa makamo aliyetoka Dar kwa basi. Mama yake alikuwa amefariki Ruangwa. Simu yake aliiweka sauti ya nje, kwa hiyo msiba ukawa wetu sote.

"Baba mdogo, nisubirini. Kwa ndege kutoka hapa ni dakika chache tu."

"Adhuhuri tumeshaswali, mwanangu. Mama yako tumeshamuosha na kumvika sanda. Vijana wamekwenda uwanjani kukupokea. Hiyo ndege imeruka?"

Akaifunika simu kwa kiganja. Bibi wa kiti cha nyuma akamwinamia: "Baba, ndege gani hiyo yenye kondakta?"

Niliiona skrini yake: mstari mnyoofu kati ya viwanja viwili, na chini yake muda wa kuruka. Mtandao ulikuwa umepiga hesabu bila kujiuliza kama ndege ipo. Sisi tuliosoma tunaipenda mistari ya namna hiyo, maana haina vumbi wala haingoji abiria. Ila kule Ruangwa jeneza lilikuwa uani, likisubiri dakika hizo.

Akaondoa kiganja.

"Baba mdogo," alisema, "niliwadanganya. Sikupanda ndege. Nimo kwenye gari, na halijaondoka. Mzikeni tu mama."