Hisani au Farasi

Kabla sijafika Riyadh, mnyama mkubwa niliyewahi kumgusa ni punda wa maji wa mtaani kwetu Mombasa, naye alinipiga teke. Kwa hivyo binti yangu aliporudi kutoka shule akasema anataka kujiunga na klabu ya farasi, nilimwambia asahau. Alikuwa na miaka kumi. Hakubisha, maana siku hizo hakuwa akibisha chochote. Tangu tuje, mtoto aliyekuwa akipigia kelele nyumba nzima alikuwa amenyamaza. Shuleni walikicheka Kiingereza chake, mtaani Kiarabu hakuwa nacho. Alikula, akafanya kazi ya shule, akalala. Baba yake akasema tumwache aende, chochote cha kumtoa ndani ni heri.

Mimi nilikuwa muuguzi, mume wangu fundi wa viyoyozi, na kikazi tulipangiwa nyumba mtaa wa Murabba, ghorofani. Ilikuwa miaka ile ya mafuta. Ulilala na kiwanja kitupu mbele ya dirisha, ukaamka kina nguzo, na vumbi la saruji liliingia mpaka kwenye chai. Viyoyozi vilikuwa vingi kuliko mafundi, kwa hivyo mume wangu alikuwa mtu wa kutafutwa, na jambo hilo lilimpanda kichwani kidogo. Kilichompanda zaidi ni Kiarabu chake. Alikisomea chuo cha Kurani utotoni, akaongeza cha kazini, na palipopungua alijaza kwa Kiswahili, akiamini kwamba maneno yetu mengi yametoka huko na yatajijua yenyewe yakirudi kwao. Na kweli, mara nyingi yalijijua. Akisema kahawa alipewa kahawa, akisema sabuni alipewa sabuni.

Lingine la kumjua mume wangu ni kwamba hakupenda kufanyiwa hisani. Ukimpa lifti atakulipia petroli kwa nguvu. Jirani akituletea sahani ya wali, siku ya pili lazima sahani irudi na kitu kizito zaidi. Nilimwambia mara nyingi kwamba kupokea nako ni adabu, lakini alinitazama tu kama mtu anayesubiri redio imalize matangazo.

Klabu yenyewe ilikuwa nje ya mji, kwenye shamba la mitende la mzee mmoja wa huko, mtu mwenye mali na maneno machache. Familia za Kizungu zilizokuja na mikataba zilileta farasi wadogo wa watoto wao, wale wanaowaita poni. Mikataba ilipokwisha wakaondoka, na mzee akawanunua wale farasi wote, kisha akawaacha palepale watoto wengine waendelee kuwapanda. Msimamizi alikuwa mama mmoja wa Kiingereza mwenye sauti ya mwalimu wa mchakamchaka. Sheria yake ilikuwa moja: hakuna kupanda kabla ya kazi. Alhamisi na Ijumaa asubuhi, ndiyo wikendi ya huko, watoto walianza kwa kutoa samadi na kujaza maji, halafu brashi, halafu kwato. Kila kwato lazima ichokolewe kwa kile chuma chenye ncha, mawe na uchafu vitoke, maana farasi akiumwa mguu hana maisha. Ukimaliza kupanda, unarudia tena.

Nilikwenda mara ya kwanza ili nione mwanangu asivunjwe shingo, nikaishia kupewa kazi. Yule mama alipojua mimi ni muuguzi, alinionyesha sanduku la dawa na farasi mwenye kidonda begani, akaniachia. Niliogopa sana. Lakini kidonda ni kidonda, na mgonjwa asiyeulizia daktari yuko wapi alinifaa. Baada ya hapo kila wikendi nilikuwa na foleni yangu: macho yenye vumbi, migongo iliyochubuliwa na matandiko, miguu iliyovimba. Kamba na bandeji za kitambaa nilizitafuta mwenyewe sokoni Dira, na wauzaji walipouliza ni za nini sikuona haya kusema.

Binti yangu alipewa poni mmoja mweupe, mfupi, mzee, tumbo limemshuka. Kwa uzuri hakuwa na lolote. Mtoto akamchagua na kumng'ang'ania. Alikuwa akiondoka nyumbani Alhamisi kabla hatujaamka sawasawa, anakaa garini anasubiri. Mezani akaanza kutusimulia: leo kala hivi, leo kakataa vile, leo kamkanyaga msimamizi. Nilikuwa nikimtazama anavyosema huku mkate umepoa mkononi mwake, na nilimshukuru Mungu kwa yule mnyama mbaya, zaidi kuliko nilivyowahi kushukuru kwa mshahara.

Kisha mji ukalifikia shamba. Barabara mpya ilipimwa kupita katikati ya mitende, na mzee akaamua kuliuza lote. Farasi angewapeleka Jeddah kwa ndugu yake mwenye shamba huko. Msimamizi alitutangazia jambo hilo, na binti yangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kumpiga brashi poni aliyekwisha kupigwa brashi.

Mzee alikuwa amemwona. Ijumaa ile alimwita mume wangu kando ya gari, mimi nimekaa ndani na kioo kiko chini. Alisema mtoto huyu amewatumikia farasi wake vizuri, achague mmoja awe wake, na atapata pa kumfuga katika bustani nyingine ya mzee iliyo mbali na mji. Mume wangu akasema anamtaka yule mweupe. Basi, weupe walikuwa wawili: poni wetu, na mnyama wa mzee mwenyewe, ambaye watoto walikatazwa hata kumkaribia. Mzee akauliza:

"Tabi hisan, walla faras?"

Mimi Kiarabu changu kilikuwa cha wodini, cha kuuliza panauma wapi, kwa hivyo nilichosikia ni kile alichosikia mume wangu. Tulisikia anaulizwa: wataka hisani, au wataka farasi? Nilimwona alivyojinyoosha.

"La, ya shekhe," akasema. "Mafi hisan. Faras." Yaani hisani hataki, farasi tu.

Mzee alitazama chini, akaangalia mabanda, halafu akaweka mkono kifuani akasema haya, imekuwa. Njiani mume wangu alifurahi mno. Akanieleza, kana kwamba sikuwapo, jinsi alivyomwonyesha yule bwana kwamba sisi si watu wa kusaidiwa. Atamtengenezea viyoyozi vyote vya nyumba yake na watakuwa sawa.

Alhamisi iliyofuata mabanda yalikuwa matupu. Malori yalishaondoka siku mbili nyuma. Kwenye banda la poni wetu alisimama yule mnyama mwingine mweupe, mrefu, ngozi kama hariri, na hatamu mpya kichwani. Binti yangu aliingia, akatoka, akaangalia banda la pili na la tatu. Mchungaji wa farasi, Msudani mtu mzima aliyebaki kutulindia ule mzigo, alimtazama mume wangu kwa jicho ambalo halikuwa la heri. Akamwambia kwamba hapa mtu hamwombi mwenzake farasi jike wake, ndiye kipenzi cha nyumba. Huyu alizaliwa mikononi mwa mzee, na mama wa huyu alikuwa wa baba wa mzee.

Mume wangu akasema hakuomba jike, aliomba farasi. Msudani akasema ndiyo, faras. Wakazungushana hivyo mpaka yule bwana akachoka, akainama akatuchorea kwenye mchanga. Hisan ni dume, kama poni wetu. Faras ni jike. Mzee alikuwa ameuliza: wataka dume au jike? Na mume wangu, mbele ya mtu mzima, alikataa dume akadai jike.

Alikaa juu ya gunia la shayiri. Ningeweza kumcheka, na baadaye nilimcheka miaka mingi, lakini siku ile nilikuwa na mtoto amesimama mlangoni pa banda hasemi neno, na hofu yangu ilikuwa moja: kwamba atarudi kule alikokuwa, na safari hii hatatoka.

Tulikwenda nyumbani kwa mzee jioni hiyohiyo. Mume wangu akapelekwa kwa wanaume, mimi na binti yangu kwa wanawake. Kule upande wa pili, kama alivyonisimulia, alikunywa kahawa, akala tende, akanywa kahawa tena asiweze kuanza. Kurudisha zawadi ni kumtukana mtu, na kueleza ni kujitangaza mjinga. Basi ikawa kazi yangu. Nilimwambia mke wa mzee kwa Kiarabu changu cha wodini kwamba kwetu dume faras, jike faras, wote faras. Alishangaa lakini akafuata. Nikamwambia hisani kwetu ni ihsani, ni wema, ni kumfanyia mtu jambo bure. Akarudia polepole yale maneno ya mumewe na yale ya mume wangu, akipima moja moja, halafu akacheka mpaka akajifunika uso kwa kitambaa.

Alipofuta machozi akaacha kucheka. Akasema mumewe tangu Ijumaa hali chakula vizuri, kwamba alikwenda mwenyewe kumvua yule jike hatamu ya zamani na akakaa huko mpaka wakamfuata. Akainuka, akaenda mlango wa ndani, akamwita. Sikusikia walichosema. Nilisikia mzee anacheka, mara moja tu, kama mtu aliyetua mzigo. Jike alirudi kwake usiku ule, na simu ikapigwa Jeddah kumwambia ndugu kwamba yule poni mzee mweupe asipewe mtu, wenyewe wanamfuata.

Tulikwenda. Mume wangu aliomba ruhusa kazini, tukakodi dereva mwenye lori dogo atufuate nyuma, tukapita Taif, tukashuka milima yake mpaka Jeddah, hewa nzito ya bahari, nguo zimegandama mwilini. Ndugu wa mzee alitupokea vizuri. Poni alikuwa chini ya kibanda cha makuti, na mimi nilipomwona tu nilijua. Miguu ilikuwa imevimba hadi magotini kwa kusimama ndani ya lori safari nzima. Nilimpapasa, nikasikiliza pumzi. Nimewaambia watu wengi maneno mabaya katika kazi yangu, na sikuwahi kuchukia kusema kama siku ile. Nilimwambia mwanangu kwamba huyu akipandishwa lori tena kuipanda ile milima kwenye jua hili, hafiki.

Aliniuliza, "Hata tukingoja?"

"Hata tukingoja, mwanangu. Ni mzee."

Baba yake akamgeukia mwenye shamba. Kiarabu chake chote kilikuwa kimemwishia, akasema machache na kwa kigugumizi: poni abaki, na mtoto aruhusiwe kuja likizo kumwona. Bila malipo, bila kiyoyozi. Yule bwana akasema karibuni wakati wowote.

Shida ikawa kwato. Binti wa nyumba ile, rika moja na wangu, alituonyesha kwa ishara kwamba tangu poni afike hampi mtu yeyote mguu. Walivuta, wakasukuma, wakamwita mtu wa farasi, wapi. Uchafu ulikuwa umejaa na umeanza kunuka. Mwanangu akachukua kile chuma, akaweka kiganja chini ya goti.

"Inua, baba," akamwambia yule poni. "Inua, tumalize."

Poni akainua mguu akampa. Mume wangu alinitazama nami nikamtazama. Klabuni kila kitu kilikuwa Kiingereza, na sisi hatukuwahi kusimama karibu tukasikiliza. Mtoto tuliyedhani hana wa kusema naye alikuwa akisema naye Kiswahili wikendi baada ya wikendi.

Alisafisha mitatu. Wa nne hakuugusa. Alisimama kitambo amemwegemea ubavuni, halafu akamshika mkono yule msichana, akauweka pale panapostahili, akampa chuma.

"Inua," akamwambia. "Sema. I-nu-a."

Yule msichana akasema vibaya, poni hakujibu. Mwanangu akamsahihisha. Akasema tena. Mara ya tatu neno likatoka sawa, na poni akainua mguu akampa mtu mwingine. Mwanangu alingoja mpaka kwato ikawa safi, kisha akaja akaingia garini, akafunga mlango mwenyewe.

"Twende," akasema. "Ashajua."