Ramani Niliyoishona Mwenyewe

Mimi mlima naujua. Nimezaliwa Morogoro, nimekua nikiiona Uluguru kila asubuhi nikifagia uwanja, na kwetu mtu akipanda mlima ujue huko juu ana ndizi zake au ana mgonjwa wa kumtazama. Habari ya mtu mzima kubeba begi mgongoni katikati ya baridi, akalale kwenye theluji kwa hiari yake, nilikutana nayo Johannesburg. Tena nilikutana nayo ndani ya nyumba yangu.

"Tutatembea siku nane," mume wangu alisema, majira ya baridi ya mwaka 2017 yakiwa yanakaribia. "Mimi na jirani. Tunavuka mpaka, tunaikata milima ya Lesotho kwa miguu."

"Mmefukuzwa na nani?" nikamuuliza.

Hakucheka, maana swali lilimgusa penyewe. Baba yake alifukuzwa kweli. Akiwa kijana wa miaka ishirini, polisi wa makaburu wakimtafuta, aliivuka milima hiyo hiyo mwezi wa Julai akiwa na viatu vya shule, na mwisho wa safari zake akajikuta Tanzania. Mume wangu kazaliwa huko huko kwetu Morogoro, akarudishwa Afrika Kusini akiwa mtoto wa miaka kumi. Alipokuwa mtu mzima akaja kutembea alikozaliwa, akanikuta mimi, na ndiyo maana nyumbani kwetu Bellevue Kiswahili hakikauki.

Hadithi ya baba mkwe, ambaye tulikuwa tukiishi naye, tuliijua sote, tulikuwa tukiisikia kila sikukuu. Siku ya tatu, miguu imevimba hata kamba za viatu hazifungiki, alifika mahali mito miwili inapokutana. Kando ya maji kulikuwa na shule ndogo ya mawe yenye paa jekundu, na juu ya shule palikuwa na nyumba. Akatoka mama mwenye mtoto mchanga mgongoni. Hakumuuliza jina wala alikotoka. Alimpa uji, akamlaza karibu na moto, na asubuhi akamvika blanketi lake mwenyewe, akamwonyesha njia. Baba mkwe hakuwahi kulijua jina la yule mama. Sasa magoti yalikuwa yamemgomea, na kwenye safari ile alitaka kitu kimoja tu: mwanawe aifikie nyumba ile na aache blanketi jipya.

"Na kama yule mama hayupo, baba?" nilimuuliza.

"Mpeni atakayefungua mlango."

Basi tukaanza kupanga. Mume wangu ni fundi umeme, akipanga jambo anachora. Mimi ni fundi cherehani, nina kachumba kangu kwenye barabara kuu ya Kensington, nikipanga jambo nakata kitambaa. Nilishona mifuko minane kwa mabaki ya vitenge, kila siku na rangi yake. Siku ya kwanza bluu, ya pili ya maua mekundu, ya tatu njano, hivyo hivyo mpaka ya nane. Ndani ya kila mfuko niliweka unga wa uji uliokwisha kuchanganywa na sukari na karanga zilizosagwa, dagaa, biltong, ile nyama kavu ya huku, na majani ya chai. Mifuko minne ya mwisho ilitakiwa itangulie na dereva wa teksi za Maseru, aiache kwenye duka la kijiji ambacho wangepita siku ya tano.

Ugomvi ulikuwa kwenye uzito. Mume wangu aliukata mpini wa mswaki wake kwa msumeno, ati kila gramu ina hesabu yake. Halafu baba yake akatoka mjini na blanketi la sufu la Kisotho, karibu kilo tatu, akaliweka juu ya mizani ya kupimia mabegi ya ndege. Ningekuwa na kamera siku ile! Mume wangu aliangalia blanketi, akaangalia mswaki.

Aliyetuokoa ni yule jirani wa safari, Mkongomani, mtu wa Bukavu, mlinzi wa usiku, ambaye alikuwa amepanga chumba cha nyuma katika nyumba hiyo hiyo. "Mama, mi nitaibeba," akaniambia. "Ile haina shida." Basi blanketi likaingia kwenye begi lake.

Ikabaki ramani. Mwenzake mume wangu kazini, mpenda milima, alikuwa amempa karatasi nne za ramani kwenye flashi, zile ambazo sentimita moja ni mita mia tano za ardhi. Simu kwenye baridi inakufa betri, na karatasi ikilowa inachanika, kwa hiyo nikasema, nikijiona mjanja kweli kweli, tuzichape kwenye kitambaa. Nilikwenda mjini kwa Mkongomani mwingine, anayechapa mabango ya makanisa. Alizoea picha za wachungaji na wake zao; alipoona milima akaniuliza mkutano wa maombi utafanyikia wapi. Akanichapia vipande vinne, nami nikavikata kingo nyeupe na kuviunga safu moja, kwa mishono miwili miwili ili visifumuke. Mistari haikukutana sawasawa. Palikuwa na kijito kimoja kilichoingia kwenye mshono na hakikutoka. Nikasema, mlima si gauni la harusi, nikapiga pasi, nikajipongeza.

Jumapili baada ya kanisa tuliitandaza mezani. Baba mkwe alivaa miwani, akakunja mikono ya shati, akaanza kutembea kwa kidole. Alivuka mpaka. Alipanda pale alipoteleza siku ya kwanza, akatuonyesha pango alilolala siku ya pili. Kila kitu kilikuwepo! Mume wangu alikuwa akitia alama kwa kalamu. Kisha kidole kikashuka bonde la siku ya tatu, kikaufuata mto, kikasimama.

"Hapa," akasema. "Hapa ndipo mito inapokutana."

Pale palikuwa na mto mmoja tu, unapita zake. Hapakuwa na shule wala alama ya nyumba.

Alirudi nyuma akaanza tena. Akajaribu bonde la jirani. Jumatatu niliporudi kutoka kazini nilimkuta bado ameinama mezani, na Jumanne vilevile. Mume wangu alipekua kwenye simu, lakini bila jina la mahali utapekua nini, Lesotho nzima ni mabonde na vijito. Akampa baba yake aangalie. Mzee akasema kwenye kioo kile anaona pua yake tu.

Hapo ndipo minong'ono ilipoanza. Mwezi uliopita aliacha birika jikoni mpaka likakauka maji. Juzi aliniita kwa jina la wifi yangu. Wifi mwenyewe, anayeishi Durban, alipopigiwa simu alisema baba apelekwe kwa daktari, na hadithi zile tusimchokonoe tena. Mimi, Mungu anisamehe, nilitikisa kichwa kukubali. Nilisema kweli, umri nao.

Na yeye alisikia. Nyumba zile za Bellevue zimegawanywa vyumba kwa mbao, siri haikai. Alhamisi aliikunja ramani mwenyewe, pembe kwa pembe, akanikabidhi.

"Labda niliota, makoti," akasema. Ameniita makoti tangu siku niliyoolewa, kama wanavyomwita mke wa mwana huku. "Mtu akiwa na njaa na homa anaona mengi. Labda hapakuwa na mito miwili."

"Na yule mama, baba?"

Akavua miwani, akaingia chumbani kwake. Kuanzia siku ile alinyamaza mezani. Yeye aliyekuwa akimkosoa mtangazaji wa redio kila habari, sasa mtu akisema neno anaitikia tu, ndiyo, ndiyo, huenda. Iliniuma sana. Bora angetugombeza. Mume wangu akachora njia mpya isiyopita bonde lile, akalitoa blanketi kwenye begi la jirani na kulirudisha kabatini.

Wiki iliyofuata alikuja mteja wangu mmoja kuchukua gauni lake, mama wa Lubumbashi, msusi, mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara. Kitenge chake kilikuwa na tausi wakubwa wakubwa, na aliniagiza tausi mmoja akae kifuani katikati. Akalivaa, akajitazama kwenye kioo, akageuka.

"Mama, kichwa ya ndege yangu iko wapi?"

Nikatazama. Tausi alikuwa na shingo upande mmoja na mkia upande wa pili. Kichwa hakuna. Nikamjibu bila hata kufikiri, jibu ambalo mafundi tunalitoa kila siku: "Kimeingia kwenye mshono, mama. Lazima niache sentimita moja na nusu kila upande."

Nikalisikia neno langu mwenyewe. Nikakaa chini.

"We mama, unaumwa?" akauliza. "Ni kichwa ya ndege tu!"

Ramani ilikuwa pale pale kwenye rafu, imekunjwa. Niliitandaza juu ya meza ya kukatia, mteja wangu amesimama na tausi wake asiye na kichwa, nikachukua wembe. Kwa haraka nikajikata kidole. Nilifumua mshono wa kati. Sentimita moja na nusu huku, moja na nusu kule, ni tatu. Kilomita moja na nusu ya nchi ya watu nilikuwa nimeikunja nikaipiga pasi. Nikakifungua kitambaa, na kile kijito changu kilichoingia na kisitoke kikashuka ndani ya ule ukanda, kutoka juu hadi chini, mpaka kikaungana na mto mkubwa. Kwenye ukingo palikuwa na kialama cha shule. Juu yake vijinukta vitatu vyeusi, nyumba.

Nilipiga yowe. Mteja wangu naye akapiga yowe, bila kujua la nini. Nilimwahidi kumshonea gauni jingine kwa kitenge kizima, nikafunga mlango, nikakimbilia teksi. Siku hiyo kila robot, kama huku wanavyoziita taa za barabarani, ilikuwa nyekundu.

Baba mkwe alikuwa uani kwenye jua la mchana, anamenya naatji, yale machungwa madogo yanayomenyeka kwa kidole, ambayo huku ndiyo matunda ya baridi. Njia nzima nilikuwa nimejiuliza mkwe anamwambiaje baba mkwe wake jambo kama lile. Mwisho nikapiga magoti.

"Baba, nimekuja kuomba radhi."

"Umeunguza sufuria?"

"Nimekula mto."

Alinitazama vizuri. Nadhani alifikiri sasa ni zamu yangu ya kupelekwa kwa daktari. Nikamtandazia ramani mapajani, ule mshono uliofumuliwa, nyuzi zikining'inia, nikamwomba avae miwani na aanzie pangoni.

Kidole kikaondoka. Kikashuka bonde, kikaufuata mto, kikafika pale kilipokuwa kikikwama, na safari hii hakikukwama. Kikaingia kwenye ukanda. Kikakuta mto wa pili.

"Shule," akasema taratibu.

"Ndiyo, baba."

"Na nyumba ni hii ya juu. Siyo hizi. Hii."

"Ndiyo, baba."

Nilikuwa nalia, sikujificha. Yeye alibaki na kidole juu ya nukta ile, maganda ya naatji yakimwangukia miguuni. Kisha akavua miwani.

"Makoti," akasema, "umenifanya mwehu kwa sentimita tatu."

Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka jirani, ambaye mchana ndio usiku wake, akatoka chumbani na shuka begani kuuliza kuna nini. Nikapewa adhabu yangu papo hapo: Jumapili nisimame mbele ya chakula nieleze yote, na wifi wa Durban awepo kwenye simu, tena kwa sauti ya juu. Nilieleza. Wifi aliomba msamaha mara mbili. Mzee akamwambia arudie, simu ilikuwa inakatakata. Haikuwa inakatakata.

Mume wangu alichukua uzi wake wa kupimia njia, akapima upya mishono yote mitatu ikiwa imefumuliwa. Njia nzima ilikuwa imepungua kilomita nne na nusu, na jua la Julai halimsubiri mtu. Aliniangalia, akaona macho yangu yamevimba, akaamua kusema tu kwamba watahitaji siku moja zaidi. Nilishona mfuko wa tisa usiku ule ule, kwa mabaki ya kile kitenge cha tausi. Blanketi likarudi begini. Ramani niliishona tena, safari hii kipande juu ya kipande, mstari juu ya mstari, na baba mkwe amekaa pembeni ya cherehani ananisimamia.

Waliondoka wiki ya pili ya Julai. Siku ya nne mchana simu ya baba mkwe ikalia, nami nikasogeza sikio; sauti ya mume wangu ilikuwa ikipeperushwa na upepo. Alikuwa amepanda juu ya jiwe kutafuta mtandao. Yule mama alikuwa amefariki miaka mingi. Mlango ulifunguliwa na mwanaume wa makamo, akawasikiliza hadi mwisho, akasema wakati ule yeye ndiye aliyekuwa mgongoni.

Baba mkwe akaishika simu kwa mikono miwili. Kisha akauliza: "Na paa la shule? Jekundu?"

Nilimwomba Mungu kimoyomoyo.

"Bluu, baba," mume wangu akasema. "Paa ni la bluu."

Nilimwona mzee akikaza midomo. Nikasikia kule mlimani wanaulizana kwa Kisotho, upepo, kisha sauti ya mtu nisiyemjua, nzito, karibu kabisa na simu. Baba mkwe alimsikiliza, akamjibu maneno mawili, halafu akanigeuzia simu na kunibandikia sikioni.

"Sikia mwenyewe, makoti," akaniambia. "Amelipaka rangi yeye, mwaka jana. Lilikuwa jekundu."